UZI: Naongeza vipandio kwenye ndege niliyojenga mwenyewe, ya gurudumu la mkia. Makosa na vipimo viko humu

#1 GurudumuLaNyuma (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Ndege yangu ina miaka sita tangu ipae mara ya kwanza. Viti viwili bega kwa bega, bawa la chini, bati la alumini mwili mzima, gurudumu dogo nyuma. Wakati wa kuijenga sikuweka vipandio, yaani vikanyagio vya ubavuni vya kupandia bawani. Mkia ukiwa chini, ukingo wa nyuma wa bawa nao unashuka, na mtu mwenye magoti mazima anapanda kwa hatua moja, kwa hiyo niliona ni uzito wa bure. Hata ukitazama ndege za Van's Aircraft, kampuni inayouza vifaa vya kujijengea ndege, utaliona hilo: RV-7A yenye gurudumu la pua mara nyingi ina vipandio, na RV-7 ya mkia mara nyingi haina.

Mama yangu ana miaka 71 na goti lake la kulia halikunji vizuri. Siku niliyomleta turuke, alisimama nyuma ya bawa, akatafuta pa kuanzia, akakanyaga flapu, kile kipande cha nyuma ya bawa kinachoshushwa wakati wa kutua. Sikuwa nimemwonya na sikuwa nimezishusha. Bawaba ikapinda, ukingo wa flapu ukabonyea, na yeye akanyong'onyea siku nzima akidhani ameniharibia ndege. Kosa lilikuwa langu. Flapu zikishushwa kabisa kabla mgeni hajakaribia, hakuna anayezidhania ngazi. Tangu siku hiyo nikaamua kuweka vipandio.

Kosa la pili lilikuwa la pembe, na ndilo hasa limenifanya nianzishe uzi huu.

Nilipoanza kupima niliinua mkia nikauweka juu ya tresto (kiunzi cha kuegeshea) mpaka ndege ikalala kama inavyokuwa angani, kwa sababu ndivyo nilivyopima kila kitu wakati wa ujenzi. Nikatengeneza kipandio cha mbao, nikakibana kwa klempu, kikapendeza sana. Nikashusha mkia. Kipandio kikainamia nyuma nyuzi 11. Nikakikanyaga kwa kiatu chenye umande, mguu ukateleza kuelekea mkiani.

Ndege ya gurudumu la pua husimama ardhini karibu vilevile inavyoruka, hivyo ubao wa kukanyagia ukifuata hewa unakuwa umefuata na unyayo. Yetu inasimama kwa namna moja na kuruka kwa namna nyingine. Ukilaza kipandio kifuate ardhi, angani kitakuwa kimeinamisha pua nyuzi hizo hizo 11, nacho kitafanya kazi ya kibawa kidogo kinachosukuma sehemu ya nyuma ya ndege kwenda chini, tena kwa ukinzani mkubwa. Ukikilaza kifuate hewa, ardhini unapanda juu ya mteremko.

Nilifikiri siku kadhaa, nikachagua kufuata hewa. Mtu hukikanyaga sekunde chache, lakini ndege hukibeba saa nyingi. Mteremko wa nyuzi 11 unahitaji msuguano wa karibu 0.2 ili mguu usiteleze. Rangi laini iliyolowa siiamini hapo, lakini tepu ya mchanga inavuka kiwango hicho kwa mbali. Nimebandika tepu juu yote ya ubao, na ukingo wa nyuma nikauinua milimita 6 ili kisigino kikisogea kipate pa kukomea.

Kuhusu urefu kutoka ardhini: kwangu ukingo wa bawa uko sentimita 56, kipandio nimekiweka 30. Nilitamani 25 kwa ajili ya mama, lakini fikirini tairi likiisha upepo na miguu ya ndege ikajipanua kwenye mshindo mzito wa kutua. Nilikadiria magurudumu makubwa yashuke jumla ya sentimita 16. Kipandio kiko mita 1.4 nyuma ya magurudumu hayo, na gurudumu la mkia liko mita 4.4 nyuma ya magurudumu hayohayo, basi kipandio kinashuka kama sentimita 11. Inabaki 19. Kwenye nyasi ndefu na mawe, 19 inanitosha. Ningekiweka 25 ingebaki 14, nami nisingetua kwa amani.

Mahali pa kutoboa kwenye bodi: nyuma kidogo ya ukingo wa flapu ikiwa imeshuka yote. Msipime flapu ikiwa juu. Na msipime kwa mguu wenu wenyewe, mpimeni kwa yule mnayemtengenezea. Nilimwomba mama apande juu ya sanduku la mbao mara kumi, nikatia alama ya chaki kila alipokanyaga. Mara zote kumi alianza na mguu ulio karibu na bodi. Mimi huanza na ule mwingine. Ningetumia mguu wangu, ubao wa kukanyagia ungekaa mahali pasipomfaa na yeye angekosa pa kuweka unyayo wote.

Bado sijatoboa bati. Bomba nililonalo ni la chuma cha 4130, kipenyo inchi 1, ukuta milimita 1.65. Litaingia chini ya sakafu ya mizigo na kuishia kwenye ubavu wa kwanza wa ndani, sentimita 20 kutoka kwenye bati la nje. Naombeni macho yenu kabla sijashika drili.

#2 BawaLaChini

Mkuu, pole kwa flapu na mpe mama salamu. Ila nikuulize kwa nia njema: tundu kwenye bodi nzima kwa ajili ya sekunde tano? Mimi nina kigoda cha kukunja, kimefungwa kamba yenye kitambaa chekundu. Abiria akishapanda, anaivuta kamba na kigoda kinaingia nyuma ya kiti. Hakuna ribiti iliyoguswa wala ukinzani wa hewa ulioongezeka. Kikichakaa natengeneza kingine.

#3 GurudumuLaNyuma

Mkuu BawaLaChini, kigoda nilikitumia miezi miwili, na kwa mtu anayeruka na abiria mmoja mmoja ningemshauri aanze nacho. Kwangu kilishindwa wakati wa kushuka. Mama akiwa juu ya bawa anarudi kinyumenyume, hakioni kigoda kilipo, na ardhi isipokuwa sawa kinayumba. Kipandio kilichofungwa kiko palepale kila siku, mguu unakizoea. Tena kuna siku kamba ilikwama kwenye ukingo wa flapu, nikalazimika kuzima injini na kushuka. Propela ilikuwa imeshaanza kuzunguka, abiria ameinama nje anavuta kamba. Sikuipenda hali ile hata kidogo.

#4 DadaMizani

GurudumuLaNyuma, asante kwa kuuliza kabla ya kutoboa. Usitumie bomba hilo, na usiishie kwenye ubavu huo. Nakuonyesha kwa nini.

Kipandio ni wenzo. Mtu wa kilo 100 hatui juu yake taratibu kama gunia linaloshushwa na watu wawili, bali anajitupa. Zidisha mara mbili: kilo 200. Weka uzito huo sentimita 25 nje ya bati. Ndani bomba limeshikwa sentimita 20 tu kutoka kwenye bati. Basi ncha ya ndani inataka kuinuka kwa nguvu ya kilo 250, na pale kwenye bati bomba linakandamiza chini kwa kilo 450. Mtu ni wa kilo 100, lakini bati linapokea 450.

Sasa lirefushe bomba ndani hadi sentimita 40, kwenye ubavu wa pili. Ncha ya ndani inashuka hadi kilo 125, na kwenye bati inakuwa 325. Hujaongeza kiraka hata kimoja, umeongeza urefu wa bomba tu. Watu wengi huangalia sehemu inayoonekana nje, wakaifanya nene na nzuri, kumbe usalama wote uko chini ya sakafu.

Bomba lenyewe: la inchi 1 lenye ukuta wa milimita 1.65, kwa mzigo huo, linapata mkazo wa zaidi ya megapaskali 700 pale linapoingia kwenye bodi. Chuma cha 4130 kilichonomalaizwa (kilichopashwa moto kikaachwa kipoe hewani) huanza kupinda bila kurudi kwenye megapaskali 500 hivi. Litapinda siku mtu mzito atakaporuka juu yake. Chukua inchi 1 na robo, ukuta milimita 2.1. Mkazo unashuka hadi karibu 360. Uzito unaongezeka, lakini kidogo.

Na jambo ambalo nimeliona likikosewa zaidi ya mengine yote: bolti ya kuzuia bomba lisizunguke usiiweke karibu na bati. Pale ndipo mkazo ulipo mkubwa kuliko popote, na tundu la bolti pale ni mwaliko wa ufa. Iweke kwenye ncha ya ndani kabisa, ambako mkazo wa kupinda unakaribia sifuri.

Kwenye bati la nje weka kiraka cha alumini ya 2024-T3 kwa ndani, kirefu kiasi cha kuzifikia fremu mbili, ya mbele na ya nyuma, pamoja na reli ya chini. Kiraka kidogo cha mviringo kuzunguka tundu kinahamisha tatizo tu: ufa utaanza ukingoni mwa kiraka badala ya ukingoni mwa tundu. Bati la milimita 0.8 linabeba vizuri mzigo unaolala kwenye upana wake. Linalolichosha ni kusukumwa ndani na nje, na kila anayepanda hukisukuma kipandio mbele na nyuma bila kujua.

#5 GurudumuLaNyuma

Dada yangu, nimesoma mara tatu. Hesabu yangu ilikuwa kilo 100 zikiwa zimetulia, na sikufikiria kabisa kwamba bati lingepokea zaidi ya uzito wa mtu. Nabadilisha bomba na nitafika ubavu wa pili. Itabidi nitoboe ribiti zote za sakafu ya mizigo upande wa kushoto. Afadhali hiyo.

#6 MotoNaChuma

Kwa upande wa kuchomelea: ubao wa kukanyagia uchomelee kwa TIG (ule wa umeme na gesi ya kinga), na weka kibati cha pembetatu chini yake ili mshono usibebe peke yake. Acha kipande chote kinachopita kwenye bati bila mshono wowote, kwa sababu ileile aliyoitaja DadaMizani kuhusu bolti. Ziba ncha ya nje kabisa, maji yakiingia humo hayatoki. Kabla ya kufunga ndani, mimina mafuta ya kitani yaliyopashwa moto, zungusha, yamwage. Njia hiyo ni ya zamani kwenye mabomba ya ndege na inazuia kutu vizuri.

Halafu chuma na alumini zisigusane zikiwa tupu. Praima ya epoksi pande zote mbili. Panapogusana bila rangi na maji yakiwepo, alumini ndiyo inayoliwa, na utaona unga mweupe kabla hujaona kitu kingine.

#7 RubaniMwanafunzi

Habari zenu wakuu. Naomba kuuliza, kwa ndege ya kasi ya kilomita 280 kwa saa, kipandio kinapunguza kasi kiasi gani? Na kuna ulazima wa kuweka pande zote mbili?

#8 DadaMizani

Karibu. Nachukua bomba la duara la milimita 32 linalotokeza nje sentimita 25, kwenye hewa ya usawa wa bahari. Kwa kasi hiyo linavutwa nyuma kwa nguvu ya kilo 3 na zaidi. Ndege ya aina hii inavutwa kwa kilo 100 hivi kwa jumla, kwa hiyo unapoteza kilomita 3 hivi kwa saa kwa kila kipandio. Ukilivalisha gamba lenye umbo la tone la maji, ukinzani wa bomba hilo unashuka hadi kama sehemu moja ya kumi. Gamba linatengenezeka kwa bati jembamba au faibaglasi. Faida nyingine ni kwamba bomba la duara likiwa tupu hutikiswa na hewa inayokatika nyuma yake, na mtikisiko huo unafika kwenye kiraka chako kila dakika unayoruka.

Pande mbili? Kama abiria wako na wewe mnaweza kupanda upande mmoja mkapokezana, weka upande mmoja. Tundu ambalo halikutobolewa halihitaji kukaguliwa.

#9 MzeeWaKabari

Wanangu, nimefuatilia tangu jana. Nina mawili.

La kwanza, mkono. Mnazungumzia mguu tu. Mtu anayepanda anatafuta kitu cha kushika kabla hajainua mguu, na asipokipata atashika fremu ya kanopi, kile kifuniko cha kioo juu ya viti. Fremu ya kanopi haikutengenezwa kuvutwa na mtu mzima, na ikipinda kidogo tu kanopi haifungi tena sawasawa. Ukifungua sakafu kwa ajili ya kipandio, basi siku hiyohiyo weka kishikio kwenye fremu ya nyuma ya viti. Kwa mtu wa umri wangu kishikio kizuri ni nusu ya kupanda.

La pili, moshi. Bomba la egzosi linatoa chini ya tumbo la ndege, na moshi unafuata tumbo kurudi nyuma. Mnakwenda kutoboa tundu njiani mwake. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na rubani aliyeivuta huwa wa mwisho kujua. Zibeni pande zote mbili kwa silanti ya polisalfaidi, ile ya matangi ya mafuta, maana hubaki laini na kufuata mtikisiko. Na kabla ya kumpandisha mama, ruka peke yako ukiwa na kipimo cha kaboni monoksidi sehemu ya mizigo, kipasha joto cha kabini kikiwa kimefunguliwa na kikiwa kimefungwa.

Na kabari chini ya magurudumu kila mtu anapopanda. Ndege ya mkia haitaangukia nyuma mtu akisimama kwenye kipandio kama ile ya pua inavyoweza kufanya, lakini gurudumu la mkia likiwa huru na breki zikiwa zimelegezwa, msukumo wa mguu unaigeuza.

#10 BawaLaChini

Mzee, shikamoo. Hilo la moshi sikuwahi kulifikiria. Nakubali hoja ya kushuka kinyumenyume pia, ingawa mimi nitabaki na kigoda changu.

Niongeze kwa wenzetu walio Marekani: kanuni ya anga ya 14 CFR 21.93 inasema badiliko dogo ni lile lisilo na athari ya kuonekana kwa uzito, mizani, nguvu ya muundo, kutegemeka, namna ndege inavyofanya kazi, na sifa nyingine zinazogusa ufaafu wake wa kuruka. Kila mtu aliyejenga asome masharti ya uendeshaji ya ndege yake mwenyewe kabla ya kuliita badiliko lake dogo. Kwingineko, uliza mamlaka yako kwanza ndipo utoboe.

#11 MzeeWaKabari

Marahaba mwanangu. Ila hicho kigoda kifunge na kamba mbili.

#12 GurudumuLaNyuma

Wakuu, nimerudi baada ya wiki saba. Kazi imeisha, kipandio kimoja, upande wa kushoto, na kishikio juu yake.

Kutoboa ribiti za sakafu kulinichukua jioni mbili. Keekee ndogo katikati ya kichwa kwanza, kisha ya saizi ya ribiti hadi kichwa kitoke, halafu kusukuma kilichobaki kwa ndani. Matundu matatu yalipanuka, nikayawekea ribiti za saizi inayofuata baada ya kuhakikisha bado yako mbali na ukingo wa bati kwa angalau mara mbili ya kipenyo cha ribiti. Mabaki yote nikayanyonya kwa vakyumu, kwa sababu kipande cha chuma kikibaki chini ya sakafu kinaweza kutembea hadi kwenye nyaya za usukani.

Tundu la bodi nilianza na dogo, nikalikuza kwa tupa kidogo kidogo huku nikijaribisha bomba. Bomba linakaa ndani ya kitalu cha alumini (kipande kinene chenye tundu la bomba) kilichofungwa kwenye kiraka, na kiraka kinafika fremu zote mbili. Bolti iko mwisho wa ndani, sentimita 41 kutoka kwenye bati.

Kabla ya kufunga sakafu nilikijaribu. Rafiki wa kilo 96 alisimama juu yake akabeba magunia mawili ya mchanga ya kilo 25 kila moja, kisha akapanda na kushuka mara ishirini bila magunia. Mimi nilikuwa ndani na taa, kidole kwenye kiraka. Bomba lilipinda kidogo na kurudi. Bati la nje halikucheza.

Uzito: kipandio, kiraka, kitalu na kishikio, kilo 2.6 zote pamoja. Viko kama sentimita 70 nyuma ya kitovu cha uzito, na ndege tupu ni kilo 520, hivyo kitovu kimerudi nyuma milimita 3 na nusu. Ni kidogo, lakini ndege ya mkia yenye mizigo nyuma haina milimita za kuchezea, kwa hiyo nimepunguza kikomo cha mizigo kilo 3, nimeandika hesabu mpya kwenye kitabu cha ndege na kubadilisha kibandiko cha sehemu ya mizigo.

Safari ya kwanza ya majaribio kipimo cha kaboni monoksidi kilipanda kidogo kipasha joto cha kabini kikiwa kimefungwa. Nilikuta silanti imeacha uwazi wa kama milimita 2 juu ya kitalu, mahali ambapo jicho halifiki. Nimetia upya kwa kutumia kioo na taa. Safari tatu zilizofuata kipimo kimekaa sifuri. Mzee wangu, ahsante sana, nisingepima kama usingesema.

Kwenye saa 25 za kuruka nilifungua tena sakafu. Hakuna ufa kwenye kiraka wala kwenye mshono, nimeangalia kwa kioo cha kukuzia. Kilichopatikana ni rangi kukwaruzwa upande mmoja wa bomba ndani ya kitalu, maana yake bado kuna mchezo mdogo wa kuzunguka. Nimebadilisha bolti kwa iliyokaza zaidi na nitafungua tena kwenye saa 50. Picha za kitalu na kiraka naziweka kesho mchana, mwanga ukiwa mzuri.

Mama amepanda Jumamosi. Mkono kwenye kishikio, mguu wa ndani kwenye kipandio, mguu wa nje bawani, akaketi. Akaniuliza kwa nini injini bado haijawashwa.

#13 DadaMizani

Hongera sana. Kwenye saa 50 angalia pia ribiti za kwanza za kiraka upande wa fremu ya nyuma. Ukiona mstari mweusi kama moshi nyuma ya kichwa cha ribiti, hiyo inacheza, ibadilishe kabla haijapanua tundu. Na ukipata nafasi, pima unene wa tepu ya mchanga uliyobandika. Nataka kujua inakaa muda gani kwenye mvua.